Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Methali haikosi sharti, ingawa mara nyingi sharti hilo halitamkwi. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema Waswahili, na aisemaye hufungua mlango, hutandika mkeka, na humchinja kuku ambaye jana hakuwa na hofu ya kisu. Maana yake ni dhahiri. Kwa sababu ya mgeni nyumba hufagiliwa, chungu hutiwa nazi, na watoto wa nyumbani hupata kitoweo ambacho siku nyingine hawakioni. Huzuni iliyokuwa imejikalia pembeni huyapisha mazungumzo. Kuja kwa mtu mwingine ni dawa. Lakini waliosema maneno haya walichukulia kuwa mgeni aingiaye ni mzima wa mwili na wa nia, anajua mahali pa kuvulia viatu, na ataijua saa ya kuaga. Hawakulitaja sharti hili kwa kuwa lilijulikana na kila mtu aliyelelewa akaleleka.

Iko milima magharibi mwa Tanzania ambako sharti hilo hutamkwa kwa sauti, tena kabla ya mgeni kuinua mguu wa kwanza. Huko methali hupimwa upya, maana mwenyeji wa milima hiyo si mtu, na ugonjwa unaomtesa huenda ukawa ule ule alioletewa na mgeni. Milima hiyo ni Mahale.

Mahale imesimama ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, kusini mwa Kigoma. Ziwa ni la pili duniani kwa kina, na maji yake karibu na ufuko ni maangavu hata samaki huonekana wakicheza juu ya mawe kama walio ndani ya kioo. Kutoka katika maji hayo milima huinuka ghafula, mgongo juu ya mgongo, hata kilele cha Nkungwe kinafika mita 2,462 juu ya usawa wa bahari. Upande unaotazama ziwa umevaa msitu mzito, wenye mabonde ya vijito na miti iliyosukwa kwa mitambaa. Upande wa mashariki una miombo, ambayo hukauka na kuchanua kwa majira yake. Hifadhi ya Taifa ilitangazwa mwaka 1985. Eneo lake ni kilometa za mraba 1,613, na ndani yake watu hawatembei kwa gari.

Jambo hili la mwisho ni la maana kuliko lidhaniwavyo. Katika hifadhi za nyikani mtu humtazama simba akiwa kitini, amezungukwa na bati na kioo, kama sultani aliyechukuliwa kwa machela. Mahale haina machela. Mgeni huletwa na chombo cha majini, au hushuka katika ndege ndogo na kupanda chombo hicho hicho, na tangu aguse mchanga hubebwa na magoti yake mwenyewe. Hupanda kwa kushika mizizi, huteleza juu ya majani mabichi, husimama kuvuta pumzi mahali ambapo mwongozaji wake hajaanza hata kutoka jasho. Kabla hajamwona mwenyeji, mlima umekwisha kumpunguzia ukubwa. Huo ni mwanzo mzuri wa ugeni.

Mwenyeji anayetafutwa ni sokwe, ambaye wengi, wakitaka kumpambanua na jamaa zake wengine, humwita sokwemtu. Jina hili lastahili kutazamwa na mwanafunzi wa lugha. Kiswahili si maskini wa majina katika ukoo huu: kina nyani na kima, kina tumbili na ngedere, kina mbega mwenye joho lake jeupe na komba mwenye macho ya usiku. Wote hawa wamepewa majina yao wakaachwa nayo. Huyu mmoja tu ndiye aliyefungiwa neno mtu mkiani mwa jina, naye mkia hana. Haidhuru ni nani aliyeanza kuyaunga maneno hayo mawili. Mwaka 2005 wataalamu walichapisha maandishi ya urithi wa sokwemtu kama yalivyo ndani ya chembe za mwili wake, wakayalinganisha na ya binadamu. Pale yanapoweza kuwekwa sambamba, tofauti iliyoonekana ilikuwa kama sehemu moja hivi katika mia. Elimu ilifika kwa hesabu mahali ambapo lugha ilikuwa imefika kwa macho.

Kumjua mwenyeji huyu kulichukua muda mrefu na subira nyingi. Jane Goodall alifika Gombe, kaskazini mwa Kigoma, mwezi wa Julai 1960, na kazi iliyoanzwa hapo haikukoma hata alipofariki mwaka 2025. Mwaka 1965 Mjapani Toshisada Nishida alianza uchunguzi wake Mahale. Sokwe walikimbia watu, nao walikuwa na sababu. Nishida akawavuta kwa miwa; walipozoea kuja kula, yeye akapata kuwatazama, na katika kuwatazama akawatambua mmoja mmoja, kila mmoja kwa uso wake na jina lake. Baadaye desturi ya kuwapa chakula iliachwa, na watafiti wakabaki kuwafuata msituni kwa miguu, kama afuatavyo mtoto nyuma ya mzazi ambaye hakumwita wala hakumfukuza.

Mambo yaliyoonekana kwa subira hiyo yanatosha kumfanya msomaji alifikirie neno ugeni kwa namna nyingine. Sokwe huishi katika makundi yenye mipaka. Wana wa kiume hubaki katika kundi walimozaliwa mpaka kufa. Mabinti, wakifika umri wa kubaleghe, aghalabu huondoka peke yao na kuhamia kundi jingine. Nishida na wenzake walikuwa miongoni mwa wa kwanza kulifahamu jambo hili. Binti huyo huingia katika nchi ambayo miti yake hajui huzaa lini, kati ya majike ambao huenda wakamfukuza na kumpiga, maana kila mdomo mpya ni matunda pungufu. Basi huja kwa unyenyekevu, husogea karibu na madume wapate kumkinga, hukaa pembeni, husubiri, hujifunza. Hapati nafasi yake kwa siku moja. Ugeni, kwa hiyo, si desturi ya binadamu peke yake; jamaa zake wa msituni wanaujua, na wanajua pia kwamba anayewajibika kubadilika kwanza ni yule aliyekuja.

Tena kila kundi lina mila zake. Wasafishanapo manyoya, sokwe wa Mahale wana desturi ya kukaa wawili wakitazamana, kila mmoja akainua mkono mmoja juu, mikono hiyo ikashikana kama boriti za paa, huku mkono wa pili ukichambua kwapa la mwenzake. William McGrew na Caroline Tutin waliieleza desturi hii kwa maandishi mwaka 1978. Gombe, kwenye ufuko wa ziwa hilo hilo, haikuwa mila ya wenyeji. Sokwe wa Gombe huvua mchwa kwa vijiti vyembamba katika vichuguu. Wale wa kundi la Mahale linalojulikana zaidi hupeleka vijiti vyao katika matundu ya miti, wakavua sisimizi wakubwa waishio humo. Hawakufundishwa mambo haya na damu, maana damu yao ni moja, wamefundishana. Mtu aliyesoma habari za lahaja, namna Kimvita kinavyoachana na Kiunguja ijapokuwa mama yao ni mmoja, hataona ajabu.

Lakini mwenyeji huyu asipambwe kwa sifa ambazo hata binadamu hana. Sokwe si malaika wa msituni. Huwawinda mbega wekundu na kugawana nyama kwa upendeleo. Madume hufanya hila za kupindua ukubwa. Watoto wachanga wamepata kuuawa na wakubwa wa jamii yao. Kundi la kwanza ambalo Nishida alilizoea lilidhoofika katika miaka ya 1970, madume yake yakatoweka moja baada ya jingine, na majike waliosalia wakahamia kwa majirani wenye nguvu. Nishida na wenzake walishuku kuwa majirani hao walihusika. Anayepanda Mahale kutafuta amani ya bustani ya kwanza atakuwa amebeba bustani hiyo kichwani mwake. Undugu hauhitaji udugu uwe mwema ndipo uwe wa kweli.

Safari ya kuwaona huanza asubuhi. Wafuatiliaji hutangulia, wakisikiliza miito na kutafuta alama: tunda lililotafunwa likatupwa, kinyesi kibichi, nyayo za mkono penye tope. Juu ya miti vitanda vya jana bado viko, matawi yaliyopindwa na kulazwa, kila mkubwa na chake, maana sokwe hutandika upya kila jioni. Wageni hufuata nyuma. Huenda wakatembea saa moja, huenda wakatembea tano, na huenda wakarudi bila kuona kitu, kwa kuwa mlima haukumwahidi mtu. Siku ya bahati mwongozaji husimama, huinua mkono, na katika mkoba wake hutoa barakoa, akampa kila mmoja.

Ndipo sauti husikika. Huanza chini, kama pumzi ya mtu aliyekimbia, hupanda ngazi kwa ngazi, hata inakuwa yowe ambalo huitikiwa na bonde zima. Dume hushuka kwa kishindo akiburuta tawi, hupiga kwa miguu mizizi ya mti iliyosimama kama ubao, nao hulia kama ngoma. Kisha ghafula kila kitu hutulia. Jike hupita njiani na mtoto mgongoni, karibu sana kuliko mgeni alivyotazamia, na kuliko ilivyoruhusiwa, hata watu hurudi nyuma mpaka vichakani. Mtoto hugeuka mara moja kwa udadisi. Mama hageuki.

Hakuna kinachomshangaza mgeni kama kutotazamwa. Alisafiri siku nyingi kuja kuona. Alidhani, bila kujiambia, kwamba na yeye ataonekana. Anakuta kuwa yeye ni sawa na mti usiozaa. Wako wanaohuzunika kwa jambo hili, na wako wanaoinua kamera ili wapate japo jicho moja lililowaelekea. Lakini kutotazamwa huko ndiko matunda ya subira ya miongo mingi. Ni imani waliyoipata watu wengine kwa tabia njema, nao wamemwachia mgeni aitumie kwa saa moja. Mnyama anayemkimbia binadamu ana ngao yake. Aliyeacha kumkimbia ameivua ngao hiyo, na aliyemfanya aivue amejitwika wajibu wa kumlinda.

Wajibu huo si wa maneno. Mwaka 1966 ugonjwa wa kupooza ulioenea kati ya watu wa sehemu za Kigoma uliingia Gombe. Baadhi ya sokwe walikufa, na wengine walibaki wakiburuta viungo vilivyokufa. Mwaka 2006 ugonjwa wa kifua ulilipata kundi la Mahale ambalo wageni huletwa kulitazama. Sokwe walikohoa, wakatokwa na makamasi, wakalala mchana, na kadhaa wakafa. Wataalamu walipochunguza walikuta alama za virusi wa jamaa ya wale wanaowapa watoto wa binadamu mafua na kikohozi, ugonjwa ambao mama wa nyumbani huutibu kwa tangawizi na blanketi. Yaliyo mafua kwa huyu yalikuwa kaburi kwa yule.

Hapa ndipo lilipo fumbo la Mahale. Damu ni nzito kuliko maji, husema watu wakisifu undugu. Undugu huo ndio unaomtoa mgeni kwake na kumpandisha mlimani, kwa kuwa hakuna anayevuka ziwa kwenda kumtazama panya. Na undugu huo huo ndio mlango wa maradhi. Lau sokwe angalikuwa mbali zaidi na binadamu, pumzi ya binadamu isingalimdhuru. Lakini hapo pia binadamu asingalitamani kumwona. Kinachovuta ndicho kinachoua. Kwa sababu hiyo ziliwekwa sheria: wageni wasizidi sita kwa mara moja, wasikae na sokwe zaidi ya saa moja, wasikaribie chini ya mita 10, wafunike pua na mdomo, wasile mbele yao, na aliye mgonjwa asiende. Wengine huziita sheria hizi vikwazo. Afadhali ziitwe adabu, maana ni zile zile za kubisha hodi, kutoingia chumba cha ndani, na kuondoka kabla mwenyeji hajaanza kupiga miayo. Mwezi wa Machi 2020, ugonjwa mpya wa mapafu ulipoenea ulimwenguni, hifadhi za sokwe wa milimani wa Rwanda na zile za Virunga katika Kongo zilifunga milango yake kwa wageni. Ulimwengu mzima ulijifunza kwa miezi michache adabu ambayo Mahale ilikuwa imekwisha kuijua.

Sheria ya mwisho, ya mgonjwa kutokwenda, ndiyo iliyo ngumu kuliko zote, kwa sababu hakuna awezaye kuisimamia sawasawa ila mgeni mwenyewe. Na afikiriwe mtu aliyeweka akiba miaka kadhaa. Amepanda gari moshi kutoka pwani hadi Kigoma, amelala juu ya maji, amefika. Usiku wa kuamkia siku aliyoingojea koo lake linawasha. Alfajiri anakohoa mara mbili, kwa siri, ndani ya shuka. Mwongozaji atauliza kama wote ni wazima, naye anajua kuwa akinyamaza hakuna atakayejua. Kikohozi chake kitapotea katika msitu, na barakoa itaficha lililobaki. Pengine hakina neno. Pengine ni vumbi la safari. Kila hoja anayoitoa ni nzuri, na zote zina kasoro moja, kwamba zimetolewa na mtu ambaye ni mdai, shahidi na kadhi kwa wakati mmoja. Hakuna kipimo cha mapenzi kama hicho. Asemaye kuwa anawapenda sokwe, akapanda na kikohozi chake, alipenda kuona kwake. Aliyebaki kambini siku hiyo, akatazama ziwa tangu asubuhi mpaka jioni bila kuona hata unyoya mmoja, huenda ndiye aliyewatembelea kwa haki.

Mtu mwenye akili ataitikia kwa swali: kama ni hivyo, kwa nini watu waende? Si ingekuwa heri milima ifungwe, sokwe waachwe, na hamu ya kuwaona itoshelezwe kwa picha? Swali hili halipaswi kudharauliwa. Jibu lake ni kuwa msitu usio na wa kuutetea haubaki msitu. Nishida na wenzake walioona mambo hayo ndio waliohimiza milima hiyo ilindwe, na kutangazwa kwa hifadhi kulikuja miaka 20 baada ya uchunguzi kuanza. Ada ya wageni husaidia kulipa askari wanaozuia mitego na misumeno; macho yao huwa mashahidi; na mwanafunzi wa Tanzania aliyewahi kusimama mita 10 kutoka kwa jike anayenyonyesha hatahitaji hotuba ya kumshawishi kuwa msitu una wenyewe. Ugeni una madhara na una faida, kama ilivyo dawa kali. Hoja si kuitupa chupa, bali kukijua kipimo.

Lakini swali hilo likijibiwa, jingine huinuka nyuma yake, nalo ni zito zaidi. Milima ya Mahale ina wenyeji wa aina mbili. Kabla ya hifadhi, kabla ya watafiti, walikuwako Watongwe. Walilima mabondeni, waliwinda, walivua ziwani, na waliuheshimu mlima wa Nkungwe kama mahali patakatifu. Katika miaka ya 1970 waliondoshwa katika milima hiyo, katika enzi ya kuwakusanya watu vijijini na matayarisho ya hifadhi. Msitu ambao mgeni huusifu kuwa haujaguswa na mkono wa binadamu ulikuwa nyumbani kwa watu. Jivu la meko yao liko chini ya majani hayo, na njia kadhaa anazopita ziliwahi kukanyagwa na nyayo zao. Sokwe walikuwako wakati wa Watongwe, na hawakuisha. Hili peke yake latosha kumfanya mtu asitamke kwa wepesi kwamba mlinzi wa msitu ni yule avaaye sare.

Tena elimu ya Mahale ina deni kwa Watongwe ambalo laweza kuonyeshwa kwa mfano mmoja. Mwezi wa Novemba 1987 mtafiti Michael Huffman alikuwa akimfuata jike aitwaye Chausiku pamoja na Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe aliyekuwa mtumishi wa hifadhi na mjuzi wa miti ya kwao. Chausiku alikuwa mgonjwa: alilala mchana, hakuwa na hamu ya kula. Akaenda kwenye kichaka ambacho Watongwe hukiita mjonso, akavunja chipukizi, akamenya ganda na majani kwa uangalifu, akatafuna kiini na kumeza maji yake machungu. Huffman aliona mnyama anakula jani. Kalunde aliona mgonjwa anakunywa dawa. Alimweleza mwenzake kuwa mti huo ni tiba kwa Watongwe pia, kwa maradhi ya tumbo na mengine. Siku ya pili Chausiku alikuwa amerudiwa na nguvu zake. Mwaka 1989 wawili hao waliliandika jambo hilo kwa majina yao wote wawili, na tangu hapo elimu ya dawa za wanyama imekuwa tawi lenye wanafunzi katika nchi nyingi.

Kalunde alikuwa na urithi katika maarifa hayo. Simulizi ya ukoo wake yasema kwamba babu yake, aliyekuwa mganga, aliwahi kumwona nungunungu mgonjwa wa tumbo akichimba na kula mizizi ya mti uitwao mulengelele, ambao watu waliuogopa kama sumu. Nungunungu akapona. Watu wa kijiji walipopatwa na ugonjwa wa kuhara damu, mzee huyo aliwaeleza aliyoyaona, na kwanza akautia mti huo kinywani mwake mwenyewe ndipo wao wakakubali kuutumia. Basi mnyama alimfundisha mganga, mganga aliwafundisha wanawe, na mjukuu alimfundisha mtaalamu kutoka ng'ambo. Katika mlolongo huo mgeni ndiye wa mwisho. Yeye hakuleta dawa. Aliikuta, akapewa, na haki aliyotenda ni kuliandika jina la aliyempa.

Sasa methali yaweza kurudishwa mezani. Imesema mwenyeji apone. Mahale inauliza, apone kwa nini? Kwa nazi na kuku za mgeni hatapona, kwa kuwa mgeni huyu hana cha kumpikia, na hata ndizi moja akimtupia atakuwa amemdhuru. Dawa ya sokwe iko msituni mwake, katika mjonso na miti mingine ambayo yeye huijua, na Watongwe huijua pamoja naye. Awezalo mgeni ni kutoa asivyozoea kutoa: umbali, ukimya, pumzi iliyofunikwa, na kuondoka saa yake ikifika, hata kama wakati huo huo dume kubwa ndilo kwanza linashuka mtini. Zawadi zake zote ni za kujizuia. Katika ulimwengu ambao safari husifiwa kwa kilichopigwa picha na kilichobebwa kurudi nacho, ni vigumu kumweleza mtu kwamba alipe mengi ili aende akajizuie. Hata hivyo ndivyo ilivyo, na mtu aliyelelewa akaleleka hataliona jambo hili kuwa geni, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa kukaa katika nyumba za watu.

Kwa sokwe, basi, kipimo cha ugeni mwema kimepatikana na kimeandikwa: watu sita, saa moja, mita 10. Kwa Watongwe hakijaandikwa. Mgeni anayeshuka Mahale akiwa na furaha ya aliyoyaona aghalabu hujua majina ya sokwe watatu au wanne, na ni vyema ayajue; ni wachache wanaoshuka wakijua jina la watu waliokuwa wakiishi pale, au kwamba mti uliomponya Chausiku ulikuwa na jina la Kitongwe kabla ya kuwa na jina la Kilatini. Mwongozaji akiulizwa atasema, na huenda akaendelea kusema mpaka chombo kitie nanga. Akitaka kujua kama alikuwa mgeni mwema, mtu huyo ana wenyeji wawili wa kuwauliza. Mmoja hana maneno ya kumjibia. Mwingine anayo, ila ni mara chache mgeni hukumbuka kumuuliza.